Mkoba Uliobeba Jina Lako

Nyandeng, dada yangu ambaye sistahili kukuita dada,

Nimeamka na hasira leo. Nimemfokea jirani, nimempiga teke mbuzi wa watu, nimevunja kikombe. Nilidhani ni joto la Lodwar, kumbe ni wewe. Miaka miwili sasa watu wa hapa wanasema uliuawa kwa sababu ulikuwa mkimbizi mwenye tamaa aliyenunua ngozi ya wizi. Nimewasikia sokoni, nimewasikia hata mlangoni mwa kanisa, na mimi huyu mwenye mdomo mrefu kuliko barabara ya Kitale nimenyamaza. Basi leo nasema, na nataka barua hii isomwe na kila anayejua kusoma: ile ngozi hukuinunua wewe. Niliinunua mimi.

Unakumbuka tulivyokutana? Ilikuwa mwaka wa tisini na tano. Nilikuja Kakuma kuuza leso, nikakukuta umekaa chini ya turubai unashona mkoba wa gunia la unga wa msaada, umeutia mkanda wa ngozi ya mbuzi. Niliushika nikauvuta kwa nguvu zangu zote nikitaka ukatike, maana mimi hupenda kuona aibu ya mtu. Haukukatika. Ulinitazama ukasema kwa Kiswahili chako cha miezi mitatu, "Vuta tena, mama. Ukichoka, unanunua." Haki ya Mungu nilicheka mpaka nikakaa chini. Siku hiyo sikuuza leso hata moja. Tulishinda tukipiga soga, wewe ukinifundisha salamu za kwenu, mimi nikikufundisha kusema ejok, salamu yetu, bila kuonekana kama unataka kutapika.

Halafu akaja yule mama wa Nairobi mwenye duka la urembo. Alitaka mikoba na mikanda isiyoidhuru dunia, ndivyo alivyosema. Ngozi ilainishwe kwa magome ya mgunga, si kwa dawa za kiwandani. Mshonaji asiwe mtoto, na apate haki yake. Mnyama asiwe amechinjwa kwa ajili ya ngozi, awe amejifia mwenyewe. Na kila mkoba uwe na kadi ndogo inayosema mnyama alikufaje, nani ameshona, na anakaa wapi, ili mnunuzi wa mbali avae akijua hakuna aliyeumizwa. Nilipokutafsiria hayo ulitupa sindano.

"Wallahi, ng'ombe ya Kenya ina bahati!" ulisema. "Anauliza kama ng'ombe iliumia. Mimi natembea kwa mguu kutoka Bor, nazika watoto wawili kwa njia. Nani aliniuliza mimi?"

Lakini ulishona. Wewe ulikuwa unashona hata ukiwa na hasira, tena ukiwa na hasira ndipo uzi ulipokaza vizuri zaidi.

Kadi niliziandika mimi kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri na wewe ulijua kuandika jina lako tu. Duka letu la Lodwar lilikuwa chumba kimoja, mikoba tukiitundika barazani kwenye misumari. Niliandika jina lako kwa herufi kubwa: Nyandeng, Kakuma, nyuma ya kanisa la mabati. Uliomba kadi moja ukaiweka ndani ya Biblia yako. Ulisema sasa wewe ni mtu, unajulikana mpaka Nairobi. Nilikutania kwamba kesho itabidi niombe miadi ili nikuone.

Mwaka wa pili wa kazi yetu kiangazi kilitupiga. Mtu mmoja nisiyemjua aliingia dukani na ngozi nzima ya ng'ombe, nyeusi yenye mabaka meupe, ngozi nzuri ya kukufanya usahau ulichokuwa unasema. Ubavuni ilikuwa na chapa ya moto. Mimi ni Mturkana, Nyandeng. Chapa ni jina la ukoo, sihitaji kufundishwa hilo. Ile ilikuwa chapa ya ukoo wa upande wa Kaaleng, na yule mtu kwa usemi wake hakuwa wa huko, tena alikuwa anageuka kila mara kutazama barabara. Mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nilikuwa nayo, nikayafumba, kwa sababu mama wa Nairobi alikuwa anakuja Ijumaa na sikutaka akute misumari mitupu.

Nikakuletea. Uliikwangua, ukailoweka kwenye maji ya magome, ukaipaka mafuta. Ulipofika karibu na bega ukakuta tundu dogo la mviringo, ukaingiza kidole. Watu wa kwenu wanajua ng'ombe kama sisi, na bunduki mmezijua kabla yetu.

"Mama Ekuwam," uliniita, "hii si kiangazi. Hii risasi. Mwenyewe nani?"

"Mjomba wangu," nikasema. "Ng'ombe wake alikufa kwa kiangazi. Shona."

"Mjomba yako," ulisema, na hukuuliza tena. Ulikata kipande cha duara ukaziba lile tundu, ukalizungushia uzi mpaka likawa kama ua. Mama wa Nairobi alilipenda ua hilo, akaipenda chapa zaidi, eti ni pambo la asili. Alichukua mikoba mitatu, akaacha mmoja, ule wenye ua na chapa, utundikwe barazani uvute macho. Mimi nikaandika kadi yake: ng'ombe huyu alikufa kwa kiangazi. Chini yake nikaandika jina lako na unapokaa. Langu halikuwemo. Katika masharti yote yale hakuna aliyewahi kuuliza ngozi inanunuliwa na nani.

Ekal, jina nililolijua baadaye, alikuja siku ya soko, mchana, ametoka kuuza mbuzi. Sikumjua. Nilimwona tu mwanamume mrefu amesimama mbele ya ule mkoba. Aliushika kwa mikono miwili, akapitisha kidole kwenye chapa, akaunusa. Kisha akaanza kuimba kwa sauti ya chini ule wimbo ambao mwanamume wa kwetu humtungia maksai wake mmoja, yule dume mhasi anayempenda kuliko kundi zima. Hapo nikajua nimekwisha.

Alinisimulia akiwa amenipa mgongo. Wavamizi walifika alfajiri. Walimpiga mdogo wake risasi ya tumbo akiwa anatoka kwenye kibanda, akafa jua likiwa utosini, na muda wote huo alikuwa anaomba maji, na kila akipewa yalitokea ubavuni pamoja na damu. Mama yao walimponda kichwa kwa kitako cha bunduki. Maksai alikataa kutoka bomani bila Ekal, wakampiga risasi ya bega, wakamswaga hivyo hivyo anavuja. Alipomaliza kusema alivua kifuniko cha kile kisu cha duara wanaume wetu wanachovaa mkononi kama bangili, akalibandua ua lako, akalitazama tundu.

"Mama," akaniambia akinionyesha kadi, "wewe umesoma. Hapa pameandikwa nini?"

Sasa sikiliza, Nyandeng. Nisije nikajipamba. Kisu hakikuwa shingoni mwangu, kilikuwa kwenye mkoba. Hakunitisha, hakunitukana, aliniita mama. Ningeweza kusema hapajaandikwa kitu cha maana. Ningeweza kusema, ni mimi. Nilisoma. Nilisoma jina lako, nikasoma Kakuma, nikasoma nyuma ya kanisa la mabati, kwa sauti safi kama mtoto anayesomea mwalimu. Akanishukuru, akauchukua mkoba, akaenda kutafuta lori na wenzake wawili.

Nami nilifunga duka nikaenda nyumbani. Nilijiambia kambi ina watu maelfu, atakuona wapi? Lori jingine la Kakuma lilikuwepo, nililisikia likipiga honi. Sikulipanda. Nilipika, nikala, nikashiba, na katika yote niliyoyafanya hilo la kushiba ndilo linalonichoma zaidi.

Mama Yar jirani yako ndiye aliyenieleza yaliyobaki. Walikukuta asubuhi unashona. Walikuonyesha mkoba, nawe ukasema ndiyo, hii kazi yangu. Walidhani wewe ndiye mnunuzi wa wale wezi, ndiye unayewatuma. Walianza kwa fimbo. Walikuvunja mkono wa kulia mpaka mfupa ukatokeza. Mama Yar alipopiga mayowe alitandikwa rungu la kinywa, meno matatu yakatoka. Wakakuburuta kwa mguu mpaka uwanjani, Ekal akakukanyaga kifua, akakuuliza nani alikuletea ngozi.

Ulitema damu ukasema, "Nilinunua mimi. Kwa soko hapa. Mtu simjui."

Akauliza tena. Akauliza mara ya tatu, na kile kisu kikiwa tayari kimekugusa. "Nimesema. Nilinunua mimi." Basi akakukata koo mbele ya watu, mbele ya mwanao Achol aliyekuwa ametumwa maji na akarudi mapema. Vijana wa kambi walipofika na mawe na mapanga walimkata mmoja wa wale wenzake bega mpaka mkono ukaning'inia. Siku mbili zilizofuata wenyeji na wakimbizi walichinjana kwenye ule mto mkavu, wakafa watu ambao hata hawakuwahi kuuona huo mkoba.

Ulijua, Nyandeng! Ulijua ni mimi, ulijua nilikudanganya kuhusu mjomba, na jina langu lilikuwa kinywani mwako. Ungelitamka ukabaki na mwanao. Mbona hukulitamka? Nani alikutuma unifie? Watu wanaomboleza wafu wao kwa upole, mimi nakuomboleza nikitamani kukushika mabega nikutikise. Mjinga wewe. Mjinga, mjinga, dada yangu.

Mama wa Nairobi alikuja baada ya mwezi mmoja. Alilia, na naamini alilia kweli. Kisha akajifuta macho akasema habari yako ingeweza kuandikwa kwenye kadi, wanunuzi wangeguswa sana wakijua. Nilimzaba kofi. La pili lilimpata puani, damu ikamwagikia blauzi yake ya pamba isiyotiwa rangi. Watu walinishika, nikawaponyoka, nikaing'oa mikoba yote misumarini nikaichoma pale pale barazani. Ilinuka nyama, mbwa wa mtaa wote wakaja. Watu walinisifu eti nina uchungu na rafiki yangu. Nilikubali sifa hizo pia, nikampa yule mama kipigo kilichokuwa changu.

Juma lililopita nilisikia Ekal yuko karibu na Kaaleng. Hakukamatwa. Nilipanda gari mpaka lilipoishia, nikatembea. Nilikuwa nimevaa nguo yangu nzuri, ile ya kwendea kanisani, kwa sababu nilitaka nizikwe nayo. Nilimkuta bomani, amekonda, na ng'ombe hana tena, ana mbuzi wachache tu.

"Ngozi ya maksai wako niliinunua mimi," nikamwambia. "Yule mama hakuwajua wezi. Alishona nilichomletea. Nilikusomea jina lake nikaficha langu."

Alichukua fimbo akanipiga ya bega, nikaanguka. Akainua ya pili. Nilifumba macho nikiingoja, wallahi niliingoja kwa hamu. Haikuja. Nilipotazama alikuwa ameketi mavumbini, fimbo iko mapajani.

"Basi mimi nilimuua nani?" akaniuliza.

Aliuliza kweli, alitaka kujua. Nikiwa pale pale chini, bega limeshaanza kuvimba, nilimwambia. Nilimwambia ulitoka Bor kwa miguu ukizika. Kwamba ulikuwa na wivu wa sindano zako, hukumwazima mtu. Kwamba hukuweza kula samaki wa Kalokol bila kumsema aliyemkausha. Kwamba ulikuwa ukicheka kwa pua, na ukiimba kanisani unaharibu wimbo wa wote na hujali. Tulikaa mpaka mbuzi wakarudi. Alilia, nami nililia, na hakuna aliyemshika mwenzake mkono. Hakunisamehe, wala mimi sikumsamehe. Kwa hilo tukawa tunafanana.

Nilipoinuka aliniuliza kama uliacha mtoto. Nikamwambia yupo, Achol, yuko darasa la tatu, anakaa kambini na shangazi yake. Huwa nampelekea viatu na madaftari, ananiita mama mkubwa, anakimbia kunipokea.

"Anajua nani alimuua mama yake?" Ekal akauliza.

"Anajua mmoja tu," nikasema.

Kesho asubuhi napanda lori la Kakuma kwenda kumwambia wa pili.

Lala, Nyandeng. Sikuombi msamaha, maana nakujua, ungenipa, na mimi sitaki tena kupewa kitu na wewe.

Dada yako wa Lodwar,
Mama Ekuwam