Ukungu Nyuma ya Magodoro

Mama mkwe,

Mkate umefunikwa kwa kitambaa, chai iko kwenye birika. Tafadhali, magodoro usiyarudishe ukutani.

Nimemkimbiza mjukuu wako Bunyod zahanati. Alfajiri alikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Nikavuta godoro moja la nyuma ya rundo nimwinue kichwa. Lilikuwa limelowa. Nikayashusha yote kumi na manane niliyokuja nayo nilipoolewa. Ukuta ni mweusi, ukungu kuanzia sakafuni hadi kifuani kwangu. Lile la hariri nyekundu limechanika mikononi kama karatasi.

Uliniambia, "Wee Savri, rundo haliguswi mpaka washenga wa wifi yako Nigina walione, wajue nyumba hii ina mali." Nikatii. Ukasema mtoto kapigwa jicho la husuda, tukamfukiza moshi wa mbegu za ispandi majira yote ya baridi. Ukasema maziwa yangu hayana nguvu. Mbele yako maneno hayanitoki, ndiyo maana naandika.

Madirisha nimeyafungua. Usiyafunge, hata ukisikia baridi.

~~Waambie washenga wasije leo.~~ Waache waje, waone ukuta. Wakiuliza, sema mkwe wako mchafu. Sitabisha.

Lakini mtoto asilazwe tena pale, Mama. Mimi ndiye niliyekuwa namlaza kila siku, kaegemea rundo, kwa sababu katika nyumba nzima hapo ndipo palipokuwa laini kuliko pote.

Tuombee.

Mkwe wako,
Savri