Vidole Viwili Chini ya Jicho

Tarehe 4 Februari

Mdogo wangu,

Kama kuna mtu aliyezaliwa na bahati katika ukoo wetu, basi unasoma mwandiko wake. Wengine mlikuja kunisindikiza tu. Hujambo lakini? Usingizi unakuja? Chakula kinapita? Mgongo bado unalia na hizo pasi za dobi? Mimi mzima kama chuma kipya. Nakula, nalala, nacheka hata nikiwa peke yangu, majirani wameanza kuniogopa.

Nakuandikia kwa sababu simu hupokei. Nimepiga mara kumi na nne, nikaona bora mikono hii inayojua nyundo ijue na kalamu. Shangazi amenieleza yote. Kwamba tangu mama azikwe umekuwa mtu wa kulala na viatu miguuni, ukitoka kazini huongei, na kwamba umeenda kliniki ukapewa tembe za kuinua moyo.

Sasa tulia nikupe siri. Mwaka jana na mimi lile jambo lilinikalia kifuani kama injini ya lori. Hukujua, sikukwambia. Nikapona. Kwa siku tisa! Bila sindano, bila tembe hata moja. Kwa vidole viwili.

Ilikuwa hivi. Mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu, alileta mlango wa gari uliobonyea. Amekaa kwenye kiti anasubiri, namwona anajigonga usoni kwa vidole. Nikadhani anafukuza nzi. Namuuliza, "Mama, kulikoni?" Akasema, "Fundi, natoa huzuni." Nikacheka mpaka nikaangusha nyundo. Halafu akanifundisha, na aliyecheka ndiye aliyepona.

Fuata hivi. Unaanza na ukingo wa kiganja, pale wacheza karate wanapovunjia tofali. Halafu mwanzo wa nyusi, pembeni ya jicho, chini ya jicho, chini ya pua, kidevuni, kwenye mtulinga, chini ya kwapa, unamalizia utosini. Kila mahali mara saba. Huku unasema kwa sauti, "Ingawa nina huzuni hii, najipenda na najikubali." Mwilini kuna umeme, mdogo wangu, volti kumi na mbili kamili, sawasawa na gari. Huzuni ni waya ulioachia. Unagonga, unashika.

Na kugonga si ndiyo kazi yangu? Miaka kumi na tisa nanyoosha bodi za magari. Bati likibonyea unaligonga kwa nyuma, taratibu, mpaka lenyewe likumbuke lilivyokuwa. Ndiyo maana mambo yangu yamenyooka: mafundi watano chini yangu, na gereji imejaa magari mpaka barabarani.

Ongeza na maji baridi kila asubuhi, na kutembea pekupeku kwenye nyasi dakika kumi. Hizo tembe sijakwambia uache. Nakwambia tu mimi sikumeza kitu, na nitazame.

Ni mimi, kaka yako mwenye nyota


Tarehe 23 Februari

Shikamoo kaka,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nikatabasamu upande mmoja. Afya yangu ni ya kusukuma. Natumaini wewe na gereji yako hamjambo, na magari hayajafika katikati ya barabara.

Nimechelewa kujibu kwa sababu kalamu nayo ni nzito. Kazini tumebaki wachache. Unajua mashuka ya hoteli hukunjwa na watu wawili, mmoja huku mmoja kule, mnakutana katikati. Mwenzangu alihama mwezi wa kwanza. Sasa nafunga ncha moja kwenye msumari wa ukutani, nashika nyingine, nakunja. Siku nzima naufuata msumari. Ndio ninaokutana nao.

Dawa zako nimejaribu. Maji baridi siku mbili, nikapata mafua. Nyasi hapa hatuna, ila zile za mbele ya benki. Nilivua viatu nikatembea, mlinzi akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia sijui. Akanisaidia kutafuta.

Kugonga nafanya asubuhi mbele ya kioo. Nikifika kwapani najiona mjinga. Nikifika kwenye maneno, lile la "najipenda" linakwama. Basi nasema "ingawa nina huzuni hii," halafu nagonga tu. Si kwamba nakudharau. Kuna siku kifua kilipungua uzito, kama nusu saa hivi. Kikarudi kilivyokuwa.

Nina swali moja, na nakuomba usinijibu kwa utani. Siku ile tunamzika mama, watu waliniuliza kaka yako yuko wapi. Nikawaambia ulivyonituma: ana kazi kubwa, mabasi kumi na mawili ya kupaka rangi. Je, wakati ule ulikuwa tayari unaumwa huzuni hii, au ilikuja baadaye?

Mdogo wako


Tarehe 2 Machi

Bibi Pasi wangu,

Vipi hali, vipi mafua, vipi msumari? Usalimie. Mimi leo nimeamka naimba, mafundi wangu sasa wananiita Redio.

Nimecheka sana na mlinzi wa benki. Mchukue huyo, mwanamume anayekusaidia kutafuta usichokijua ni wa kuolewa naye kabisa!

Mabasi yale tuyaache. Yalikuwa kumi na mawili, rangi mbili mbili, na mistari pembeni. Yamepita.

Nusu saa, umesema? Mbona umeshakaribia! Sikiliza sasa, hapa naongea kama fundi. Bati likikataa kurudi, fundi haweki nyundo chini. Anaongeza mkono. Tena anasikiliza: lililobonyea lina sauti nzito, likinyooka linalia kengele. Na wewe gonga mpaka usikie tofauti. Usijionee huruma. Asubuhi, mchana, jioni. Hasa chini ya jicho. Huzuni inakaa pale, ndiyo maana machozi yanapitia pale pale.

Mwalimu anasema wapo pia wanaochomwa sindano nyembamba za mgongoni, na wanaolazwa chini wakapigiwa bakuli la shaba sikioni. Hizo sijui, nilipona kabla hazijanifikia.

Kaka yako, Redio


Tarehe 19 Machi

Kaka,

Salamu. Niko.

Nimegonga kama ulivyosema. Chini ya jicho pamefanya weusi, na jicho la kushoto limevimba. Msimamizi wetu, yule mama mnene asiyecheka, alinivuta nyuma ya mashine.

"Nani amekupiga?"

"Hakuna mtu, mama."

"Hakuna Mtu hana ngumi. Nani?"

"Nimejigonga mwenyewe."

"Wote husema hivyo."

Akafunga barafu kwenye foronya akanipa, na namba ya polisi kwenye karatasi. Wenzangu sasa wanamtafuta huyo mwanamume. Wanasema wakimpata watampitisha kwenye mashine ya kukamua. Mwanamume mwenyewe sina. Nilitaka kucheka, nikasahau kunaanzaje.

Nilisikiliza sana. Kengele haikulia.

Tembe niliziacha wiki ile ile ilipofika barua yako ya kwanza. Nilikuwa nimezimeza siku kumi. Daktari aliniambia nivumilie, zinachelewa kufanya kazi. Nikawaza, mbona kaka alipona kwa siku tisa bila kitu? Tumetoka tumbo moja. Nikazitia kwenye kopo la vifungo la mama.

Sasa naona kasoro ni yangu. Wewe bati lako lilikuwa zuri. Nakumbuka ulivyokuwa ukisema zamani, kuna gari likiletwa unamwambia mwenyewe asikusumbue, apeleke kwa wanunua vyuma. Nimelikumbuka hilo sana wiki hii.

Jumanne nilipanda paani kuanika. Nikamaliza kuanika, nikabaki. Msimamizi aliniita mara tatu ndipo nikasikia.

Usijilaumu. Ulijitahidi.

Mdogo wako


Tarehe 27 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Leo nauliza nikitaka jibu.

Barua yako nimeipata saa nne asubuhi hii. Simu yako imezimwa. Nimepiga ofisini kwenu, msimamizi anasema huonekani kazini tangu juzi, ila jana alipita kwako akakuona dirishani unavuta pazia. Nimemwambia habari ya paani, na ya tembe, na ya vidole. Yote. Ukinikasirikia, nikasirikie, nafasi ipo. Amesema leo anakuja na godoro lake na hataki ubishi, na kesho anakufikisha kliniki kwa mkono wake. Nenda na kopo la vifungo lenyewe. Daktari aone zimebaki ngapi, yeye ndiye aseme uanze vipi. Usijianzishie. Na habari ya paani mwambie hivyo hivyo ulivyoniandikia mimi.

Barua hii nampa dereva wa lori ninayemnyooshea bampa sasa hivi. Anapita huko jioni, nimemwapisha akupe mkononi.

Sasa la jicho. Aliyekupiga ni mimi. Hao wenzako wanaomtafuta mwanamume waambie amepatikana, na mashine waiwashe.

La wanunua vyuma nilikuwa naongelea magari. Na nikwambie ukweli wa fundi: mengi kati ya hayo yalikuwa yananyooka vizuri kabisa. Niliyafukuza kwa sababu siku hiyo nilikuwa siwezi kuinua nyundo.

Ulinikataza utani kwenye swali lako, nikakupa mistari pembeni. Jibu ni hili. Mabasi hayakuwepo. Hata moja. Siku mnamzika mama nilikuwa stendi na begi langu, shati nimelipiga pasi mwenyewe, kola imeungua, ungenicheka. Nikakaa kwenye benchi. Gari likaita abiria. Kondakta akanishika bega, "Mzee, unakwenda au hukwendi?" Miguu ikagoma. Si kwa kuumwa, ilikaa tu pale kama ya mtu mwingine. Gari likaondoka na kiti changu kitupu. Nikarudi chumbani nikalala siku kumi na moja na lile shati.

Mafundi watano wapo, ila hawako chini yangu. Mimi nilikuwa wa sita. Sasa naitwa siku mbili kwa wiki, kukiwa na bampa.

Mwalimu mstaafu ni wa kweli, na kugonga alinifundisha kweli. Lakini kuna alichosema nikakuficha. Nilimuuliza, "Mama, na hii inatosha?" Akasema, "Fundi, mimi kliniki naenda na tembe nameza. Hii ni ya kunituliza nikisubiri." Hilo nililiruka, kwa sababu lingeniharibia hadithi. Mimi nagonga kila asubuhi. Kifua kinapoa kidogo, naimaliza chai, kinarudi. Nusu saa, mdogo wangu. Ile ile yako. Kliniki sijawahi kukanyaga, nilikuwa naona aibu, mtu mzima na mikono hii.

Nilikuandikia nimepona kwa sababu nilitaka katika watoto wa mama awepo mmoja mzima. Nikiisoma ile barua kabla ya kuifunga, hata mimi niliamini dakika mbili. Sikujua utajipima nayo.

Jumamosi nakuja. Usiniamini, nimeshakudanganya vya kutosha, mwamini dereva: anarudi huku Ijumaa, na akija tena huko amekubali kunitoa kitandani kwa shati na kunipakia kama mzigo. Tutakaa wote wawili kwenye benchi la hiyo kliniki. Halafu uniombee kwa msimamizi siku moja tu, uung'oe ule msumari, nishike mimi ncha ya pili.

Bahati sina. Ile ya barua ya kwanza niliitunga. Sikupona.

Kaka yako