Ubavu wa Kulia wa Mzee Faki

Jumatatu, 2 Septemba
Zamu ya asubuhi. Uji, vidonge, shuka kumi na moja zilizolowa. Bibi wa kitanda cha tatu kanitukana kwa Kibondei. Maana yake anaendelea vizuri.

Makao yetu yana wazee ishirini na sita. Muuguzi mmoja, Sista Mwanaidi. Wahudumu wawili: mimi asubuhi, Shebe mchana mpaka jioni. Tangazo la kutafuta wauguzi wawili lipo ubaoni tangu mwaka juzi. Limepauka. Nalo karibu litastaafu.

Saa nne nimemgeuza Mzee Faki, yule Mpemba wa karafuu aliyepooza upande mmoja. Kila baada ya saa mbili ageuzwe: kushoto, chali, kulia. Saa nne ni kushoto. Nikaandika kwenye chati.

Jumanne, 3 Septemba
Daktari wa ziara kaja. Kafunua shuka ya Mzee Faki, kainama. Nyonga ya kulia imefunguka. Juzi nilipomwogesha palikuwa peusi, pamevimba kidogo. Nilidhani ngozi ya uzee. Sikumwambia Sista. Alikuwa anamshikilia mwingine anayetapika.

Daktari kaisoma chati, kushoto, chali, kulia, safi kabisa. Akasema, "Kwa chati hii huyu mzee hana kidonda."

Msimamizi wa makao naye kaingia wodini, mara ya kwanza tangu feni zifungwe. Anataka maelezo ya Sista kwa maandishi kabla ya Ijumaa kuisha. Sista ndiye mwenye leseni, kwa hiyo ndiye mwenye kosa. Anaweza kuondolewa kazini na leseni ikaenda.

Naogopa. Si kwa ajili yake tu.

Jumatano, 4 Septemba
Hapa hasomi mtu, niseme.

Kitanda cha Mzee Faki kichwa kiko mashariki. Akilala kulia anatazama kaskazini, na huku kwetu kibla ndiko kiliko. Akilala kushoto anatazama mlango wa choo. Kila siku saa nne namlaza kushoto, naandika, nakusanya shuka. Kabla sijafika mlangoni: "Nilaze kibla, mwanangu." Kwa nusu ya mdomo. Narudi namlaza kulia. Chati siigusi tena.

Chati haikudanganya. Ilitangulia tu kuondoka.

Mimi Mlutheri, babu yangu kateremka Lushoto kuja kukata mkonge. Kibla hakinihusu. Lakini mzee mzima akikuomba hivyo utafanyaje? Nilijiona mwema. Hilo ndilo linaloniuma.

Alhamisi, 5 Septemba
Nimechelewa kuondoka makusudi, nimkute Shebe. Kwa kawaida tunapishana getini; anayeingia mbio na anayetoka mbio. Kupokezana zamu kwetu ni kupungiana mkono.

Nikamwambia yote. Akacheka mpaka akashika ukuta.
"We Ester! Mlutheri ndo wa kumgeuzia mtu kibla? Hebu subiri nimwambie mchungaji wako."
"Na wewe mtu wa Tongoni, uliyekulia chuo cha Kurani, saa zako ulikuwa unamlazaje?"
Kicheko kikakatika. Akaanza kukunja mikono ya shati, ya kulia, ya kushoto.
"Vivyo hivyo," akasema.

Ijumaa, 6 Septemba
Sista naye! Adhuhuri, saa ya kumlaza chali, alikuwa anamlaza kulia. "Nilisema, mara moja haidhuru, nyie wengine mnamlaza kushoto." Kila mmoja wetu kampa mzee mara moja, tukijua wenzetu wanatenda haki. Watu watatu, huruma tatu, ubavu mmoja.

Wangekuwa wauguzi wawili wangeketi robo saa wakaambiana. Sista hana wa kuketi naye.

Maelezo yake kaandika mistari minne. Kosa ni lake. Mimi na Shebe hatumo. Nikamuuliza kwa nini. "Dada Ester, nikiwataja mtafukuzwa, nitabaki na wazee ishirini na sita na chati."

Nimekasirika. Nimekaa stoo nikaandika yangu, ukurasa mzima, na mwandiko wangu huu wa kujifundisha. Nimeeleza kibla, choo, geti, wote watatu. Shebe kasoma, kaguna, kaweka sahihi. Msimamizi kapokea akauliza, "Unajua unajiweka wapi?" Nikasema shikamoo nikatoka.

Jumatatu, 9 Septemba
Sista anabaki. Onyo la maandishi. Shebe onyo la mdomo. Mimi nimehamishiwa kufulia, wodini nisionekane.

Hakuna aliyeletwa badala yangu. Asubuhi Sista yuko peke yake. Adhabu yangu kapewa yeye.

Jumatano, 11 Septemba
Sista kaja kuchukua shuka, macho mekundu. Sasa Mzee Faki analazwa kushoto kweli, na anabaki kushoto. Tangu jana hali kitu. Akiletewa kijiko anafunga mdomo. "Kidonda kitapona, mwenyewe atakufa," kasema Sista.

Nimekunja shuka mchana kutwa nikimfikiria. Shuka moja nikaikunja kinyume, pindo la miguuni likaja kichwani. Nikaitazama. Jamani. Kichwa kikija magharibi, mtu akilala kushoto si anatazama kaskazini?

Nimetupa shuka, nimekimbia mpaka dirisha la wodi. Sista kasikiliza, kahesabu kwa vidole, akafunga macho. Akasema kumgeuza ubavu mtu mmoja anatosha. Kumgeuza kichwa kwa miguu, kwa kidonda kile, wawili. Kitanda chenyewe hakizunguki, magurudumu yameoza.

Wawili hatuna. Tuna mmoja na marufuku.

Alhamisi, 12 Septemba
Saa nne Sista kagonga dirisha la kufulia. Nimekwenda na mikono ya sabuni. Yeye mabega, mimi miguu, shuka katikati. Mzee mwepesi kama kapu tupu. Tukamlaza kushoto, mto upande wa miguuni. Akafumbua macho, akatafuta choo, hakukiona. Sista akamwambia, "Kibla hicho, babu."

Alikula vijiko vitano.

Tulipoinua vichwa Msimamizi yuko mlangoni. Kaangalia mikono yangu. Kaangalia kitanda kilicholaliwa kinyume. Akasema, "Mkimaliza, rudi kufulia." Akaondoka. Ameona kazi ya watu wawili. Sijui kama amehesabu.

Ijumaa, 13 Septemba
Saa nne, dirisha: kumbadilishia shuka bila kukwaruza kidonda nako kunataka wawili. Saa kumi Shebe kanigongea, nilikuwa sijaondoka.

Uji nusu kikombe. Kidonda kama jana. Hakijaongezeka.