Lengo la Saba

Kaka yangu,

Nakuandikia nikiwa klabuni, dirisha liko wazi na pazia linapumua kama mtu aliyelala. Leo tumetathmini mpango wa mwaka, ule uliouandika ukutani kabla hujasafiri. Miti tumepanda. Ukumbi tumeupaka rangi. Timu ya wasichana imefungwa mechi zote, lakini ipo!

Tukafika lengo la saba, uliloongeza mwenyewe tukacheka: "Mwenyekiti arudi kabla ya Juni." Mhazini akashika kalamu nyekundu aandike "halikutimia". Mama, aliyetuletea ufunguo tu, akanyoosha mkono kama mwanachama.

"Andikeni linaendelea," akasema.

Mhazini akaandika hivyo hivyo. Kaka, kila Jumamosi anafua shuka zako, na hakuna aliyezilalia.

Mdogo wako,
bado kaimu mwenyekiti