Siku Mama Alipokula Perege

Baba Zaina, mume wangu,

Nakusalimu, ingawa sijui salamu hii naipeleka wapi. Waliokuchukua walisema mnabeba mizigo ya jeshi hadi Longido tu, na mngerudi kabla mahindi hayajakomaa. Mahindi yalikomaa, tukavuna, askari wakaja wakayachukua, na wewe bado. Basi naandika kwa herufi nilizofundishwa misheni, nimekaa ukingoni mwa bwawa letu hapa Usa. Naongea nawe kama nilivyozoea, wewe ukinionyesha kidole mdomoni ninyamaze, nisikufukuzie samaki.

Bwawa letu, nasema, kana kwamba tulilichimba sisi. Ni la yule Mzungu wa kahawa aliyeziba kijito, akaleta samaki kwa mapipa kutoka ziwa Duluti, akakuweka wewe uwatunze kwa sababu ulizaliwa kando ya mto Pangani. Naye amekwenda vitani. Kahawa yake imemezwa na magugu.

Unakumbuka siku ya kwanza uliponileta hapa? Nilikuwa bibi harusi mpya, msichana wa Kimandolu niliyekuzwa kwa maziwa na maharage. Kwetu sisi Waarusha samaki ni ndugu yake nyoka, na mtu mzima hamgusi. Ulipomtupia perege mapajani mwangu nilipiga yowe hadi ndege wakaruka kwenye matete. Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye tope na kanzu yako safi, mjinga wewe, na nani aliifua?

Ulikuwa mwalimu msumbufu. Hukunipa ndoano hadi nilipojifunza kutembea. "Kivuli chako kikitangulia majini, rudi nyumbani ukapike," ulisema. Ulinifundisha kwamba wakati wa baridi, wingu linapokaa juu ya Meru siku nzima, samaki wanalala chini kabisa, kwa hiyo uzi urefushwe na kufungwa kijiwe. Jua likiwaka, niwatafute karibu na matete, penye kivuli. Mvua ikinyesha na kijito kikaingiza maji ya udongo, niache perege, niende mdomoni mwa kijito kumtafuta kambare. Na ndoano iwe ndogo, maana perege ana mdomo mdogo na anaonja kwanza. Mimi nilikuwa navuta mara tu uzi unapotikisika.

"Polepole, mama," ulikuwa ukiniambia. "Huyu hang'olewi kama muhogo. Mwache aondoke nayo kidogo."

Sasa navua vizuri kuliko ulivyoniacha. Ndoano zako za waya wa uzio bado ninazo, na uzi wa katani nausokota mwenyewe. Kinachonisumbua ni chambo. Minyoo tuliifukua kwenye lundo la samadi, na samadi haipo tena kwa kuwa ng'ombe hawapo. Natumia panzi. Siku nyingine napata, siku nyingine narudi na kikapu kitupu na Zaina analala kwa maji ya moto.

Hujui kuhusu ng'ombe. Ulipokwisha kuondoka, askari waliwachukua wa hapa, wakafika pia Kimandolu, wakaswaga ng'ombe wote wa mama kwenda kulisha jeshi. Walimwambia vita vikiisha atarudishiwa, naye aliwaamini. Akaja kukaa nami, amebeba kibuyu chake cha maziwa, na kila asubuhi alikuwa akikifukiza kwa kijinga cha mzeituni mwitu, ndani nje, kama vile kuna ng'ombe anayesubiri kukamuliwa.

Unga ulipokwisha, mimi na Zaina tulikula samaki. Mama hakula. Alitafuna majani ya kunde, akanywa maji, akageuzia chungu changu mgongo. Unamjua alivyo. Ulipokuja kuposa ulimwamkia, "Shikamoo, mama," na badala ya kukuitikia akaniuliza mimi, "Huyu anafuga nini?" Nikamwambia unafuga samaki. Hakuzungumza nami hadi ulipoleta mitamba.

Nilimbembeleza, Baba Zaina. Nilimchambulia miiba, nikamchemshia mchuzi mtupu, nikampigia magoti. Nilimwita kama kwetu mtoto anavyomwita mama yake, "Yeyo, utakufa mbele ya mjukuu wako." Akanijibu kwa upole, na upole wake ndio ulionikasirisha zaidi: "Mwanangu, samaki ni chakula cha mtu asiye na ng'ombe. Mimi ng'ombe wangu wapo. Wameazimwa tu."

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kwa hasira. Lakini wewe sikufichi kitu. Ukaidi ule ulinishika mkono. Asubuhi nilipousikia moshi wa mzeituni nilijiambia, kama mama anangoja ng'ombe wake, mimi kwa nini nisimngoje mume wangu? Wapagazi wawili walirudi kutoka Longido, miguu yote vidonda. Mmoja alisema alikuona umelala kando ya njia na homa, mwenzake akamkanyaga mguu anyamaze. Sikuwauliza zaidi. Nilirudi nyumbani, nikamkuta mama anasafisha kibuyu, nikapata nguvu ya kwenda bwawani.

Jana jioni nilipata perege mmoja, wa kiganja tu. Nilimpika kwa chumvi kidogo, nikampakulia Zaina. Mama alikuwa amelala, siku hizi miguu haimbebi. Nikasikia anajikokota. Akaja mpaka motoni, akanyoosha mkono, akasema, "Lete."

Nilidhani anataka maji. Akarudia, "Lete huyo."

Nilimtolea miiba. Alikula taratibu, bila kukunja uso, bila kuuliza ni kitu gani. Alilamba vidole. Zaina akapiga makofi kumwona bibi yake anakula. Mimi niliyeomba jambo hili tangu unga ulipokwisha, niligeuka nikakitazama kibuyu chake.

Nikamuuliza, "Yeyo, na ng'ombe je?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa habari za nchi asiyoijua.

"Ng'ombe gani?" akasema.

Leo ameamka ameketi, ana nguvu kidogo, ameniuliza kama nitakwenda bwawani. Sijalitaja jina lako mbele yake, na sitalitaja. Naogopa atanijibu vilevile.

Pumzika, Baba Zaina, popote walipokulaza.

Mkeo,
Mama Zaina