Mtu wa Kumi

Mwanangu,

Maharage yako jikoni, yapashe moto. ~~Nibakizie kidogo.~~ Kula yote.

Nimekuwa nikijiuliza: mwalimu wa mazoezi mwenye madarasa manne kwa siku, mbona anashindia chai kavu, na kodi ya nyumba inamtoa jasho kuliko hayo mazoezi? Nikikuuliza, unasema unapunguza mwili. Basi leo asubuhi nikakufuata hadi ukumbi wa mazoezi. Dada wa mapokezi akanieleza kwamba darasa lisipofika watu kumi, mwalimu halipwi hata senti. Nikachungulia ndani, nikahesabu tisa. Mgeni siku ya kwanza anaingia bure, kwa hiyo nikaingia hivyo hivyo, tepu ya kupimia nguo bado iko shingoni.

Ukahesabu watu. Uliponifikia ukasema "kumi" huku unatazama ukuta. Hata shikamoo sikupata! Halafu ukaturusha kama vyura nusu saa nzima.

Ndoo ya maji ibebe mwenyewe, magoti yangu yamegoma.

Haya, natoka. Nazunguka kwa shangazi zako. Wako sita, na kila mmoja ana siku yake ya bure. Kesho anaanza shangazi mkubwa. Ukimfikia, sema "kumi" ukimtazama usoni.

Baba