Nilisema Imefunguka

Dada yangu mpenzi,

Barua yako ilinifikia Ijumaa, nikaisomea chini ya gari, mgongo sakafuni, ili mtu asinione uso. Mimi ni mzima wa mwili. Baba naye hajambo, goti tu linamsumbua akipanda ngazi, na mama anasema macho yana nafuu tangu abadilishe miwani. Je, ninyi huko? Kikohozi cha kitinda mimba kimepungua? Na lile darasa lako la watoto sabini, bado halijakumaliza?

Umeniandikia kwamba mumeo tangu arudi kutoka huku kwetu hagusi spana, anashinda amekaa, na Jumamosi hii kuna mtu anakuja kununua vifaa vyake vyote vya ufundi. Ukaniomba nikwambie ukweli, kama fundi na kama ndugu yako, iwapo kweli hana mkono wa kazi hii au baba alimwonea. Nimekaa na swali hilo siku tatu. Tulia nikueleze tangu mwanzo, na tafadhali usiruke mistari kama kawaida yako.

Dada, shemeji nilimwonea wivu tangu siku ya kwanza alipoingia gereji kwa baba. Acha nilitaje jambo kwa jina lake. Mimi nina miaka kumi na minne pale, na baba hajawahi kuniambia nimefanya kazi nzuri. Akiridhika sana huguna. Yeye wiki ya pili tu ameshakuwa mwanangu. Mwanangu njoo usikilize injini hii, mwanangu umekula? Mimi niliyezaliwa humo humo naitwa wee. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi wapi! Nilizidi kuugua.

Kisha likaja lori la mama wa simenti. Lilikuwa linachemsha kila likipanda kile kilima kirefu na mzigo, na mimi nilikuwa nimelishughulikia mara tatu: rejeta nimezibua, feni nimebadilisha, pampu ya maji nimefunga mpya. Likaendelea kuchemsha vilevile. Shemeji akalizunguka, akauliza linabeba nini na linapita wapi, akasema tuiangalie themostati, kile kidude cha shaba kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Iliyokuja na gari ilikuwa inafunguka kwenye nyuzi themanini na nane. Yeye akataka ya dukani, inayofunguka kwenye sabini na moja, ili lori likifika chini ya kilima liwe bado limepoa. Nikacheka mbele ya mafundi wote, nikasema injini si soda, hainywewi baridi. Lori likapanda, likashuka, mshale wa joto haukuvuka katikati. Mama wa simenti alirudi anapiga honi tangu barabarani. Toka siku hiyo wateja wakija wanamuulizia Bwana Baridi, na mimi nikisogea wananiambia hapana, tunamsubiri yule mwingine.

Roho iliniuma, sikufichi. Nikasema kama ni kidude tu, hata mimi nina mikono. Nikamfungia dereva mmoja wa teksi bila kumuuliza mtu. Baada ya wiki mbili huyo akarudi amefura, analia kwamba gari linakunywa mafuta ajabu. Shemeji akanivuta pembeni, watu wasisikie, akanieleza taratibu kwamba gari dogo la kuzunguka mjini halina haja ya ubaridi ule, kwamba injini isipopata joto lake hula mafuta bure na yenyewe huliwa ndani kwa ndani. Akairudisha ya zamani kwa mkono wake. Angenicheka ningemsamehe. Upole wake ndio ulionichoma.

Sasa sikiliza. Baba naye akaitaka ile ya sabini na moja kwenye pikapu yake, ile anayoipenda kuliko sisi sote. Unajua pale kwetu themostati haifungwi kabla haijachemshwa: unaining'iniza kwa waya ndani ya sufuria ya maji, kipimajoto pembeni, unatazama inafunguka nyuzi ngapi. Shemeji alikuwa ameshaiweka na jiko limewaka, mara baba akamwita nje kwa mteja. Akaniomba nimtazamie. Nikatazama. Sabini na moja ikapita, themanini ikapita, tisini ikapita, maji yakatokota, na kidude kimefumba kama ngumi ya bahili. Kilikuwa kibovu tangu dukani. Shemeji akarudi anafuta mikono kwa tambara, akaniuliza vipi. Nikamwambia imefunguka, sabini na moja kamili.

Ndiyo, dada. Nilisema hivyo, nikaitoa kwa koleo, nikaipoza kwenye ndoo, nikamkabidhi. Akanishukuru.

Nilidhani pikapu itachemsha hapo hapo getini, watu wacheke, Bwana Baridi aone haya siku mbili, basi. Wivu hauoni mbali. Baba alikuwa na safari ya kupeleka vyuma chakavu, akatoka moja kwa moja na mzigo. Mshale ulipopanda akasema mshale ndio mbovu, maana kazi ya mkwe wake haiwezi kuwa mbovu, akazidi kukanyaga. Silinda hedi ikapinda, gasketi ikaungua, pikapu ikarudi inavutwa kwa kamba. Yaliyofuata unayajua: baba akamfukuza mbele ya wateja, akamwambia ameua gari kwa ujuaji.

Wakati anafokewa nilisimama pale nikingoja aseme kwamba mimi ndiye niliyeitazama ile sufuria. Nilikuwa nimeshaandaa uongo wa pili, nimeuweka tayari mdomoni. Hakusema. Alisema tu kwamba pengine imekwama baada ya kufungwa, na kwamba kosa ni lake kwa kuwa wazo lilikuwa lake. Akakusanya vifaa vyake, akaniaga kwa mkono. Wiki zote hizi nimeamini kwamba alijua na akanifichia aibu, nikamwonea wivu hata kwa hilo, kwamba ana moyo mkubwa kuliko mimi. Barua yako ndiyo iliyonifumbua macho. Umesema anashinda anajiuliza alikosea wapi. Kumbe hakuwa ananifichia chochote. Haikumjia hata siku moja kwamba ndugu wa mke wake angeweza kumdanganya.

Basi jibu lako ni hili: hakukosea popote. Ni fundi kunizidi. Nimeandika maneno hayo mara mbili kwenye karatasi nyingine na kuyachana kabla hayajakubali kukaa hapa.

Leo asubuhi nilimwambia baba. Nilitegemea anirushie spana. Akakaa juu ya tairi, akaniuliza ni kitu gani alichoninyima. Nikalia pale pale, mtu mzima na ndevu zangu. Akasema nikuandikie kwa mkono wangu mwenyewe, yeye hatanisafishia. Ijumaa anapanda basi kuja kumwomba radhi mkwewe kwa kinywa chake, nami nifuatane naye. Nimekubali. Usidhani wivu umeniisha, dada, bado upo, umekaa nami hapa mezani. Ila sitaki tena kuula peke yangu.

Barua hii nampa dereva wa basi la kesho, kwa hiyo itatutangulia. Huyo mnunuzi mwambie asije. Wabusu watoto, nisalimie majirani zako wa ukuta mmoja, na mama anakusalimu sana. Yeye bado hajaambiwa, tunamtafutia siku. Lakini nakuomba jambo moja, na hili usilisahau. Msomee mumeo barua hii yote kabla hatujafika. Namjua, akituona tu atatoka mbio kuja kunikumbatia, na mimi sitaweza kumzuia.

Ni mimi mdogo wako, uliyenibeba mgongoni.